Raha ya milele umpe Miss Baker

Mi ni Mchaga wa Kibosho, nalisema hili mapema maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu mtu anazikwa kwake, kihambani, katikati ya migomba, yaani babu yangu pale alipolala ukitaka kukata mkungu inabidi umpigie hodi kwanza. Kwa hiyo kaburi na ndizi kichwani mwangu ni kitu kimoja toka utotoni.

Sasa mwaka jana nikaenda kumtembelea dada, anaishi na mumewe Huntsville, Alabama, shemeji ni mtu wa kompyuta. Mji wa ajabu ule. Umeanza 1805, mjini kati kuna mitaa ya majumba ya nguzo nyeupe ya enzi za pamba na watumwa, kimya, miti mikubwa, unaweza kudhani wenyewe wamelala tangu vita vyao vile vya wenyewe kwa wenyewe. Halafu ukitoka kidogo tu ukafika barabara kuu unakutana na roketi limesimama wima, mita 110, mfano wa ile Saturn V iliyopeleka watu mwezini. Yule Mjerumani Wernher von Braun na wenzake walihamishiwa hapo 1950 kutengeneza makombora ya jeshi na mji haukurudi tena kwenye pamba. Asubuhi yangu ya pili nakunywa chai, buuum, madirisha yakatetemeka, mi tayari niko chini ya meza, dada wala hajaacha kupaka siagi, "ni wanajeshi hao wanalipua vitu vyao, toka huko chini chai inapoa."

Jumamosi wakanipeleka makumbusho ya roketi. Shemeji kaenda kwenye tiketi, dada kampeleka mtoto msalani, mi nikabaki nje nanyoosha miguu. Ndo nikaliona. Jiwe la kaburi, limechongwa vizuri, MISS BAKER, na juu yake ndizi. Ndizi kabisa! Tatu mbivu na moja imeshaanza kuwa nyeusi, zimelaliana zikafunika nusu ya maandishi.

Jamani, nilikuwa na siku ya tisa sijaonja mtori. Moyo ukajaa ghafla. Nikajisemea huyu lazima alikuwa mwalimu, Miss, hakuolewa, kaupa mji maisha yake yote, na hawa watu pamoja na maroketi yao bado wanajua kumpa marehemu heshima yake. Nikavua kofia. Nikapiga ishara ya msalaba, nikasali kwa sauti kabisa, raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, na kwenye "apumzike kwa amani" sauti ikakatika kidogo, sina sababu ya kuwaficha. Kuna mama mmoja wa kizungu alikuwa anapita na watoto, akapunguza mwendo, akanitazama, akawavuta wanawe karibu.

Nikatoa ndizi yangu niliyofungiwa na dada (zile za dukani kwao, sura nzuri utamu hamna) nikaiweka pamoja na zingine. Nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la ukoo na vois ndefu, "mama, huku nako wanazika kama sisi, huyu dada wa watu kaniliza."

Mpwa wangu katoka, ana miaka minane na Kiswahili chake cha kuokoteza. Kaniangalia macho. "Mjomba, unalilia nyani?"

Nikamwambia shika adabu kwa marehemu. Akasogeza ndizi kwa kidole. Chini yake pameandikwa wazi kabisa, tumbili.

Shemeji alivyorudi akakaa chini kwenye lami kwa kucheka, tena na tiketi mkononi. Kumbe Miss Baker ni katumbili ka gramu mia tatu hivi, 28 Mei 1959 walikapakia kwenye kombora la Jupiter lililobuniwa hapohapo Huntsville, wakakarusha angani na mwenzake anaitwa Able wakarudi wote hai. Able alikufa siku chache baadaye akiwa kwenye upasuaji, Baker akaishi mpaka 1984, na mazishi yake walikuja watu zaidi ya 300. Eti na hiyo Miss ni jina tu, ndoa alifunga, mume akafa Januari 1979 na miezi mitatu tu baadaye mjane akaolewa tena. Hapo nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshamsifia kwa mama kwamba alikuwa mtu wa kujitunza.

Mama! Nikakimbilia simu nifute ile vois. Wapi, kule ilishakuwa jioni, watu kumi na saba wameshasikiliza, shangazi kaweka mikono ya kusali, na mama kapita parokiani kaandikisha misa, katoa na elfu kumi yake. Kesho yake Jumapili nasikia Padri kalisoma kabisa, "tumwombee marehemu Misi Beka wa Marekani," na kanisa zima likaitika.

Nilipanga nimwambie ukweli Jumatatu. Jumatatu nikakuta meseji yake, kaikuza ile picha yangu kapigia duara jiwe la pembeni: "Mwanangu, na huyu George alikuwa mume wake? Naye nimwandikishie?"

Tiki za bluu, mpaka leo sijajibu.