Faili la Pete Tatu

Kwa misimu minne ofisi yangu ilikuwa kiroba cha salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba, na karatasi zote za wakulima, nani kaleta korosho kilo ngapi, zililala humo. Ukitaka ya mtu unaingiza mkono, unapiga chafya mara tatu, unatoa ya mtu mwingine.

Tulipoambiwa wakaguzi wanakuja, shemeji aliyewahi kufanya kazi kwa Wamarekani akanipa faili jekundu, gamba gumu, ndani pete tatu za chuma. Ukibonyeza zinaachia: kacha!

Sikulala. Panchi yetu hutoboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 8. Pete za shemeji, kutoka moja hadi nyingine, karibu sentimita 11. Nikajaribu kupinda karatasi, nikajaribu kupinda pete, mke wangu akaniuliza kama na nyumba nitaipinda. Mwisho nikapasha msumari wa inchi nne kwenye jiko la mkaa, nikatoboa moja moja mpaka jogoo akawika. Matundu mengine ungepitisha korosho na ganda lake.

Nikazipanga kwa herufi, kisomi kabisa. Sasa kijiji chetu nusu ni akina Mohamedi, nusu akina Mariamu. M ikameza faili zima. Kwenye Z alikuwa Zuhura tu, kajikalia nyuma peke yake.

Asubuhi nikapanda bodaboda, faili kifuani kama mtoto mchanga.

"Njomba, shikilia, kuna tuta."

Nilishikilia. Nilishikilia pale pale pa kubonyezea.

Kacha!

Na zile pete hazina kufunguka moja moja; ikiachia moja, zimeachia zote. Kusi likafanya yaliyobaki. Akina Mohamedi wakapaa juu ya mikorosho, akina Mariamu wakaelekea Newala. Watoto wa shule wakaja mbio wakishangilia, wakidhani kampeni zimeanza. Mbuzi mmoja alikuwa keshaanza kutafuna, nikamvuta karatasi mdomoni, ikabaki nusu.

"Njomba, huyo kala kilo ngapi?"

"Mia nne na ishirini."

"Loo! Na bado anatembea."

Saa ya wakaguzi ikawa imefika. Nikamwacha dereva na watoto wakiokota, nikakimbia na faili langu. Mkaguzi akalipokea kwa heshima zote, maana kwa nje lilipendeza. Akafungua. Akamkuta Zuhura.

Akageuza Zuhura. Nyuma yake palikuwa na gamba.

"Bwana karani, mwaka huu aliuza huyu mama peke yake?"

"Wengine wako njiani, mheshimiwa."

Na kweli walikuwa njiani. Dereva akaingia anahema, begani kabeba kiroba alichoazima dukani, akakishusha juu ya meza. Nilipoyaona maandishi ya kile kiroba, nikafumba macho.

Mkaguzi akaingiza mkono. Chafya ya kwanza ilimvua miwani.