Yeheb: ihamishwe shambani au ilindwe porini?

Kwenye mchanga mwekundu wa Somalia ya kati na Ogaden, kusini mashariki mwa Ethiopia, huota kichaka cha maua ya njano kiitwacho yeheb. Wanabotania walikipa jina la Cordeauxia edulis mwaka 1907, na hadi leo ndicho spishi pekee katika jenasi yake. Wafugaji wa Kisomali walikuwa wakikila zamani kabla ya hapo. Kokwa zake ni tamu, huliwa mbichi, za kuchoma au za kuchemsha, na hata maji yaliyochemshiwa hunywewa. Majani hayapukutiki kiangazi, kwa hiyo ngamia na mbuzi huyakimbilia nyasi zikiisha. Yana rangi nyekundu inayong'ang'ania vidoleni. Mbuzi aliyeyala kwa wingi hupata mifupa yenye rangi, na mchinjaji hahitaji kuuliza alilishwa wapi.

Utamu huo ndio unaoiponza. Kokwa huokotwa karibu zote, na mche unaobahatika kuchipua huliwa na mifugo. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imeiorodhesha miongoni mwa spishi zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka.

Wapo wanaotaka yeheb ifanywe zao la mashamba ya nchi kavu, na hoja yao ina uzito: inavumilia mvua chache ambazo mahindi hayawezi kuzivumilia. Imewahi kupandwa nje ya kwao, Kenya ikiwemo. Lakini mzizi wake mkuu huzama chini haraka kuliko shina linavyopanda, hivyo kuhamisha miche ni kazi ngumu, na matunda huchukua miaka. Si zao ambalo mwenye njaa atalisubiri.

Wengine wanataka vichaka vya porini vizungushiwe uzio na uokotaji usimamishwe. Hapa kuna hoja ambayo naona haisikiki vya kutosha: mbegu za yeheb hupoteza uwezo wa kuota baada ya miezi michache. Huwezi kuzifungia ghalani ukasubiri nyakati njema. Hazina yake ya kweli ni vichaka vilivyo hai, pale vilipo. Ila marufuku ya jumla nayo ni kichekesho. Mfugaji ambaye ukame umemmalizia mifugo ataambiwa nini? Na asipopata kitu kwenye kichaka hicho, kwa nini akilinde dhidi ya shoka la mtu wa kuni?

Mimi naegemea upande wa porini, bila marufuku hiyo. Sehemu chache zifungwe kwa zamu, kwa makubaliano ya koo zinazolisha hapo, hadi miche ipite kimo cha mdomo wa mbuzi. Kwingineko watu waendelee kuokota. Majaribio ya mashamba yaendelee pia, lakini kokwa za kupanda zichukuliwe kutoka maeneo mengi tofauti. Na fedha zikitosha kazi moja tu, ianze ile ya uzio.