Laasiri ya Lamu na kidau cha lapa

Raha ya kukulia Lamu hunoga laasiri, watoto wanapotoka chuoni, yaani madrasa, na jua limeshapungua ukali. Vichochoro vya mji wa kale, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, havipitiki kwa gari. Mtoto wa miaka minane hutoka mtaa wa Langoni akafika ufuoni kwa miguu yake, na kila baraza anayoipita ina mtu mzima anayejua ni mwana wa nani. Kumfungia mtoto huyu ndani na simu, au kumjazia tuisheni hadi magharibi, ni kumdhulumu. Pale ufuoni kuna elimu, na huanza na lapa bovu linalogeuzwa kidau cha kuchezea.

Lapa la mtu mzima lina urefu wa sentimita 25 hivi na huelea lenyewe. Omo, yaani mbele ya chombo, hukatwa ikachongoka, na tezi, yaani nyuma, ikaachwa pana. Mlingoti ni kijiti cha sentimita 15, kinachosimama thuluthi moja kutoka omo na kuinamia mbele kidogo, kama wa mashua. Tundu lake liwe jembamba kuliko kijiti, ndipo raba ibane. Foromali, mti wa kutundikia tanga, ni chelewa tatu zilizofungwa pamoja, ndefu kuliko mlingoti. Tanga zamani lilikuwa mfuko wa plastiki. Tangu Kenya ilipoipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, kipande cha kanga kuukuu hufaa, ila kikilowa huwa kizito na chombo hulala. Kisuguliwe nta ya mshumaa kwanza.

Wengi hukwama kwenye farumi, uzito wa kutuliza chombo. Mtoto huweka jiwe juu ya lapa akidhani uzito ni uzito tu, na upepo wa kwanza unakipindua chombo, kwa sababu uzito umekaa juu ya maji. Dawa yake ni mkuku: kipande cha bati chenye kina cha vidole viwili, kipachikwe kwenye ufa chini ya lapa, na ukingoni mwake ifungwe misumari miwili ya inchi 4. Bati huzuia chombo kwenda upande, misumari hukirudisha kikilala. Kidau kikigeuka kila mara kuuelekea upepo, mlingoti uko nyuma mno. Usogezwe mbele upana wa kidole. Demani, kamba ya kuvutia tanga, nayo isikazwe sana. Ilegezwe mpaka tanga lianze kupigapiga, kisha ivutwe kidogo tu.

Anayeyajua haya kwa mikono yake akiwa na miaka kumi hatapata taabu siku atakapoingia kwenye mashua ya kweli.

Bahari nayo ina ratiba yake. Maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, basi aliyecheza saa kumi leo ajue kesho ni karibu saa kumi na moja. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji makubwa, na mkondo wake una nguvu. Kidau kishushwe maji yakijaa. Yakianza kupwa, huchukuliwa na mkondo, na mtoto hushawishika kukifuata. Hapo ndipo hatari ilipo. Mshipi wa kuvulia wa mita 10 ufungwe tezi, na asiyejua kuogelea abaki kwenye ngazi.

Anayedhani malapa ni mchezo tu akumbuke Flipflopi, mashua ya mita 9 iliyoundwa hapa Lamu kwa taka za plastiki na kuvishwa vipande vya malapa, ikateremshwa majini 2018 na mwaka uliofuata ikasafiri hadi Unguja.

Baada ya lapa, mtoto huhitaji mbao. Mafundi wa mashua wa kijiji cha Matondoni, tafadhalini, masalio ya mbao msiyachome yote. Kipande cha sentimita 40 kwa 12, kisicho na ufa, kinatosha kidau kizima.