Besiboli tunaipenda, kalenda ndiyo haitutaki

Jumamosi jioni nilikuwa njiani kutoka uwanjani, hita ya gari nimeifungua mpaka mwisho, vidole vya miguu ndiyo kwanza vinaanza kuniuma kwa kurudiwa na damu. Nikawasha redio. Mtangazaji mmoja alikuwa anajibu swali la msikilizaji: kwa nini vyuo vya kaskazini mwa Marekani havijazi viwanja vya besiboli kama vya kusini? Jibu lake halikuchukua hata sekunde kumi. Watu wa kule si watu wa besiboli, akasema, kisha akarukia habari nyingine.

Nyuma alikaa mpwa wangu wa miaka 11, amejikunyata ndani ya shuka la Kimasai, mkononi ameng'ang'ania karatasi ya matokeo aliyoijaza mwenyewe kwa penseli. Nikazima redio. Siku ya tatu hii maneno yale hayajanitoka, maana nilikuwa nimetoka kukaa saa tatu na nusu kwenye baridi pamoja na watu ambao, kwa hesabu ya yule bwana, hawapo.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mechi ilianza saa 8 mchana, Siebert Field, uwanja wa Chuo Kikuu cha Minnesota hapa Minneapolis. Mwanzo wa Aprili, nyuzi 2 za Selsiasi, na upepo unaotafuta tundu la shati. Mimi ni mzaliwa wa Njombe. Mwezi wa 7 kule kwetu unaamka unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba siijui baridi. Ila baridi ya Njombe ina adabu: ikifika saa 4 asubuhi jua limepanda, sweta unalivua. Ya huku jua unaliona kabisa, limewaka, na halikusaidii kitu.

Kwa hiyo tunajiandaa. Soksi za sufu jozi mbili, suruali ya ndani, mashuka mawili, moja la kukalia na moja la kujifunika magoti, chupa ya chai ya tangawizi iliyokolea. Na penseli. Kalamu ya wino kwenye baridi inagoma, unaandika zamu ya kwanza kati ya tisa za mechi, ya pili inakwaruza karatasi tupu. Hilo nilifundishwa na mzee mmoja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi za usiku. Yeye ndiye aliyenifunza mchezo huu wote, miaka kadhaa sasa, usiku akikosa usingizi. Alinifunza kwamba kila nafasi uwanjani ina namba yake: mrushaji 1, mdakaji 2, wa besi ya kwanza (besi ni vituo anavyokimbilia mpigaji) 3, na kuendelea. Ukiona nimeandika 6-4-3 ujue mpira umepita kwa hao watatu na watu wawili wametolewa kwa mpira huo mmoja. Akitolewa mtu kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu aliyoikosa, unaandika K, na kama ameduwaa ya tatu ikapita bila kurusha rungu, K unaigeuza ikatazama nyuma. Mpwa wangu anaipenda hiyo K ya kugeuza kuliko kitu chochote.

Niliwahesabu watu jukwaani, maana nilikuwa na muda. Kama mia mbili. Mzee mmoja na mkewe wamefungana blanketi moja. Baba na watoto watatu. Vijana wa chuo wachache, wawili hawana hata kofia, ujana huo. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu alimwona mpwa wangu anapuliza vidole, akageuka, akampa pakiti ya kupashia mikono, zile unazozitikisa zikapata moto. Hakusema neno, alimwekea tu kiganjani na kumfunga vidole, akaendelea kutazama mpira. Huyo ndiye mtu asiyependa besiboli.

Zamu ya nne ndiyo ninayotaka muione. Mrushaji wetu alikuwa kila baada ya mpira mmoja anauingiza mkono mfuko wa nyuma, anakikamua kitu cha moto kilichomo, anautoa, anapuliza ngumi, ndipo anaushika tena mpira. Mpira wa besiboli una nyuzi nyekundu zilizoshonwa, na vidole ndivyo vinavyosoma zile nyuzi ili mpira upinde. Kidole kilichokufa ganzi hakisomi kitu. Mpira ukamtoka katikati kabisa, bila kupinda, na mpigaji akauwahi, lakini akaugusa karibu na mshikio. Vyuoni marungu ni ya aluminiamu au ya nyuzi za kaboni. Hapakuwa na ule mlio mkali wa chuma niliouzoea wakati wa joto. Ulisikika mlio wa kopo la maji lililodondoka. Kijana aliliachia rungu palepale, akakimbia kwenda besi ya kwanza mikono yote miwili ameiinua mbele ya kifua, vidole vimetanuka, kama mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto. Alifika salama. Akasimama juu ya besi, akaviingiza viganja kwapani, na nikamwona anauma midomo.

"Mjomba, amevunjika?" mpwa wangu akauliza.

Nikamwambia hapana, ni baridi. Mpira ukipoa unakuwa mgumu, hauna ule mruko wake, na ukigonga mahali pabaya kwenye rungu mtetemo wote unapanda mfupani. Hewa nayo ikiwa ya baridi ni nzito, inaukamata mpira njiani. Hilo la pili tuliliona zamu ya saba. Kijana wetu mmoja aliupiga mpira vizuri mno, watu mia mbili tukasimama na mashuka yetu, mchezaji wa nje akarudi nyuma, akarudi, akarudi, kisha akasimama. Akapiga hatua mbili mbele. Mpira ukamshukia kwenye glovu, uzio bado uko mbali nyuma yake. Mwezi wa 6 mpira ule unavuka.

Sasa jiulizeni kwa nini vijana wale wanacheza Aprili na hawachezi mwezi wa 6. Kwa sababu mwezi wa 6 wameshamaliza.

Hilo ndilo linaloniumiza. Msimu wa besiboli ya vyuo unafunguliwa katikati ya Februari. Februari! Hapa Minneapolis mwezi huo wastani wa joto la mchana uko chini ya sifuri, na uwanja hauonekani kwa theluji. Kwa hiyo timu za kaskazini zinafunguaje msimu? Zinapanda ndege. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ziko Florida, Texas au Arizona zinacheza ugenini, Jumapili usiku zinarudi, Jumatatu asubuhi kijana yuko darasani. Wiki inayofuata hivyohivyo, na inayofuata tena. Hapa Minneapolis tuna nafuu kidogo ya uwanja wenye paa, ule wa U.S. Bank, ambamo mechi kadhaa za mwanzo zimewahi kuchezwa. Vyuo vingine vya kaskazini hata hicho havina. Timu inaporudi kucheza nyumbani kwake ni mwisho wa Machi au Aprili, katika baridi niliyoieleza. Halafu inaingia Mei, miti inachipua, watu wanatoa viti nje, na katikati ya mwezi msimu wa kawaida unafungwa. Mechi 56, na zile za siku njema unazihesabu kwenye vidole.

Halafu anatokea mtu studio anasema hatuendi uwanjani kwa sababu hatupendi.

Angalieni Omaha. Fainali za vyuo zinachezwa Omaha tangu 1950, na Omaha iko Nebraska, mwendo wa kilomita 600 hivi kutoka hapa nilipo. Nako Februari ni theluji tupu. Lakini fainali zinachezwa Juni, na kila Juni uwanja ule wa watu 24,000 unajaa, unajaa tena, mpaka kwa mwaka mmoja wanapita watu zaidi ya 300,000. Mkoa uleule wa baridi, mchezo uleule wa vyuo. Kilichobadilika ni mwezi tu.

Wala msiniambie kwamba watoto wa baridi hawajui kucheza. St. Paul, mji pacha wa Minneapolis, ng'ambo ya mto, umetoa watu wanne walioingia Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown: Dave Winfield mwaka 2001, Paul Molitor 2004, Jack Morris 2018, Joe Mauer 2024. Wanne, mji mmoja, na mji wenyewe si mkubwa. Winfield na Molitor wote wawili walivaa jezi ya chuo hikihiki. Yule mzee wangu akitaka kunisimulia habari ya Winfield anainuka kitandani na kukaa kabisa. Mwaka 1973, Omaha, Minnesota wanacheza na USC, Chuo Kikuu cha Southern California, Winfield ndiye anayerusha, wanaingia zamu ya tisa, ya mwisho, wakiongoza 7-0. USC wakapata mikimbio 8 katika zamu ile moja. Wakashinda 8-7. Winfield akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano, na timu yake ikapanda gari ikarudi nyumbani. Mzee anasimulia kama msiba wa juzi. Watu wasiopenda besiboli hawaombolezi miaka zaidi ya 50.

Na kuna wakati hawakuwa wakirudi mikono mitupu. Minnesota walichukua ubingwa 1956, 1960 na 1964. Michigan 1953 na 1962. Ohio State 1966. Baada ya hapo, kimya. Ikapita miaka 40 mpaka chuo cha kaskazini, Oregon State, kikachukua tena mwaka 2006. Vyuo vya kusini vilijenga, vikatumia jua lao kuanza mapema, na kijana hodari wa St. Paul akipima kati ya kufanya mazoezi ndani ya ukumbi mpaka Machi na kucheza nje kuanzia Februari, anapanda ndege. Simlaumu. Mwaka 2019 Michigan walifika fainali, wakashinda mechi ya kwanza dhidi ya Vanderbilt, wakapoteza mbili zilizofuata. Nilikuwa zamu usiku ule wa mwisho. Wazee watano walikataa kulala.

Nikubali haki: NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani, hawajakaa tu. Mwaka 2008 waliweka tarehe moja ya kuanza kwa wote, maana kabla ya hapo kusini walikuwa wanatangulia wanavyotaka. Mwaka 2013 wakabadili hesabu za viwango ili ushindi wa ugenini uwe na uzito kuliko wa nyumbani. Sawa. Lakini hiyo ya pili ni kumpa msafiri pole ya safari, wakati yeye anaomba apumzike kwake.

Sogezeni msimu mbele. Uanze katikati ya Machi, uishie Julai. Makocha wa kaskazini wameliomba jambo hili miaka mingi, na kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba ligi kuu ya kulipwa inachagua wachezaji wake kutoka vyuoni Juni, haiwezekani. Tangu 2021 uchaguzi huo umehamia Julai. Sababu ile imekwisha, mbona kalenda iko palepale?

Najua mtakachosema. Mei wanafunzi wanaondoka chuoni, jukwaa litakosa vijana. Ni kweli, hilo silipingi. Ila waje Jumamosi moja ya Aprili waniambie hao vijana wako wapi. Gharama za kuwalaza na kuwalisha wachezaji wakati wa likizo nazo ni za kweli, lakini tiketi za ndege za wiki nne hazitoki mbinguni. Ligi za kiangazi, wanakocheza vijana wa vyuo msimu wao ukiisha, zitabanwa. Zitabanwa, ndiyo.

Na mjini kuna watu wasiohusika na likizo za chuo. Sisi. Wazee, wazazi, watoto wa shule kama mpwa wangu ambao Juni wako nyumbani wanatafuta pa kwenda, wafanyakazi wa usiku ambao mchana wa kiangazi ndio muda wao. Hapa Minneapolis na vitongoji vyake tuko Waafrika Mashariki wengi, na ninawajua kadhaa ambao niliwaleta uwanjani Aprili, wakatazama zamu tatu, wakaniambia kwa upole kwamba mchezo ni mzuri, tuonane nyumbani. Hawakurudi tena. Siwezi kuwalaumu, nawasikitikia, kwa sababu mlango walioingilia ulikuwa mbaya kuliko yote.

Jumatatu usiku nilimpelekea mzee ile karatasi. Mpwa wangu aliomba nimpelekee ya kwake, siyo yangu. Ilikuwa imelowa kona moja, zamu ya sita penseli imetoboa. Mzee akawasha taa ya kitandani, akaisoma kwa kidole, mraba kwa mraba, midomo ikitembea. Alipofika zamu ya nne akasimama kwa yule kijana wa besi ya kwanza, akajisugua viganja vyake viwili, taratibu. Kwenye zamu ya saba akagonga karatasi kwa ukucha.

"Huu ulidakwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa mikono: hapa uzio, hapa mtu.

Akanyamaza, akatazama dirishani, nje kulikuwa kumeanza kudondoka vipande vya theluji. Kisha akaniuliza mechi ya nyumbani inayofuata ni lini, nikamwambia Jumanne ijayo. Akairudisha karatasi na kusema mtoto aongeze kukandamiza kidogo zile K za kugeuza, macho yake hayazioni vizuri.