Protoni haiigwi, inakokotolewa

Neno "uigaji" linanikera kila ninapolikuta kwenye habari za kompyuta kuu zinazochunguza ndani ya protoni, chembe ya kiini cha atomu. Mtu akisikia kuiga, anawaza sanamu: kitu kilichochongwa kifanane na kingine ilhali ndani ni mti mtupu. Rafiki yangu mmoja alisema hivyohivyo, kwamba maabara hupima na kompyuta hubuni. Sikubaliani naye hata kidogo.

Mchoro tuliouzoea unaonyesha protoni yenye kwaki tatu, chembe ndogo zaidi zinazoiunda, kama kokwa tatu ndani ya tunda. Unapotosha. Jumlisha tungamo za kwaki hizo tatu, utapata takriban MeV 9 (MeV ni kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hupimia pia tungamo). Protoni nzima ni MeV 938. Karibu asilimia 99 ya tungamo lake, basi, haiko kwenye kwaki zenyewe. Inatokana na nishati ya kwaki zinazokwenda mbio na ya gluoni, chembe zinazozifunga pamoja. Na kwa kuwa mwili wa mtu ni protoni na nyutroni, uzito wetu nao ni nishati hiyohiyo. Nalijua hili kwa miaka, na bado linaniduwaza.

Nishati hiyo inahesabiwaje? Milinganyo inajulikana tangu miaka ya 1970. Kikwazo ni ukali wa nguvu yenyewe inayozifunga kwaki. Ile njia ya kuanza na jibu la kukaribia kisha kuongeza masahihisho madogo inakwama, maana hapa masahihisho hayawi madogo. Mwaka 1974 mwanafizikia Kenneth Wilson alipendekeza nafasi na wakati vigeuzwe kuwa wavu: kwaki zikae kwenye vifundo, gluoni kwenye nyuzi. Kompyuta huokota kwa nasibu mipangilio mingi ya gluoni, kila mmoja kwa uwezekano unaoamriwa na milinganyo, halafu inatafuta wastani. Baadaye wavu unafumwa upya kwa matundu madogo zaidi, tena na tena, ili ionekane jibu linaelekea wapi matundu yakitoweka. Kila namba hutoka pamoja na kiasi chake cha shaka. Hapo ndipo heshima yangu kwa kazi hii ilipo.

Si kwamba wavu unaweza yote. Kwa muda mrefu haukuweza kuonyesha moja kwa moja jinsi kwaki zinavyogawana mwendo wa protoni, kwa sababu mgawanyo huo hufafanuliwa kwenye njia ya mwanga, na wakati wa kwenye wavu ni wa kihisabati tu: mwanga hauna njia ndani yake. Mwaka 2013 mwanafizikia Xiangdong Ji alionyesha pa kupitia: hesabu protoni inayokimbia kasi sana, kisha sahihisha tofauti iliyobaki. Kazi hiyo ingali changa, na mimi naifuatilia kwa hamu kuliko nyingine zote.

Kwa wanaodhani kompyuta inarudisha kile ilicholishwa, nawaelekeza mwaka 2015. Nyutroni inaizidi protoni tungamo kwa takriban MeV 1.3 tu. Ingekuwa kinyume, hidrojeni tunayoijua isingedumu. Sababu mbili zinavutana hapo: kwaki za aina iitwayo "chini", ambazo nyutroni inazo nyingi zaidi, ni nzito kuliko za aina iitwayo "juu", na chaji ya umeme inaongezea protoni nishati. Watafiti wa Ulaya waliziweka zote mbili kwenye wavu, na tofauti ikatoka ikilingana na vipimo vya maabara. Hakuna aliyeiingiza. Ilitoka kwenye vifundo na nyuzi.