Gari la Zimamoto Lililoitikia Amina

Mchango wa zawadi ya Krismasi ya mtoto wa kaka yangu ulifikia shilingi 60,000. Kwa mtoto wa miaka 7 mwenye usonji, hela hiyo inatosha na chenji inabaki, mradi anayekwenda Kariakoo awe na orodha. Wifi aliiandika orodha na akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Gari halikuwemo. Gari lilikuja na mjomba mtu.

Orodha ilianzia kwa mtoto mwenyewe. Huyu mchana kutwa anazungusha vifuniko vya sufuria, shavu kalilaza kwenye sakafu ili aone ukingo unavyoyumba kabla haujaanguka. Basi zikanunuliwa pia tatu za mbao, zile za kuchezea zinazozungushwa, 2,000 kila moja, zote nyekundu, zote za fundi mmoja. Tatu, kwa sababu pia hupotelea chini ya makabati, na ya kijani haiwi badala ya nyekundu. Kwake hicho ni kitu kingine kabisa, na kilio chake hakipozwi kwa peremende. Umri unaoandikwa kwenye maboksi hauna kazi hapa. Unaangalia mikono yake inashika nini kila siku.

Kingine, viziba masikio vya mafundi, vile vyenye vikombe viwili na upinde wa kichwani, 18,000 kwenye duka la vifaa vya kazi. Upinde ni wa kichwa cha mtu mzima, kwa hiyo unapandisha vikombe mpaka mwisho na kushonea kipande cha sponji kwa ndani ili visishuke shingoni. Mtoto azoeshwe mapema, dakika chache kila jioni. Ukimvisha kwa mara ya kwanza siku ya wageni, mbano wenyewe unakuwa kero mpya na atavitupa.

Shilingi 4,000 zikaenda kwenye unga wa kufinyanga: ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta vijiko 2, maji ya moto unayamimina kidogo kidogo huku unakanda hadi uache kushika vidole. Kwa joto la Dar la Desemba chumvi inavuta unyevu na ikifika mchana donge linanata, basi unaongeza ngano na kulihifadhi kwenye kopo la kifuniko. Mtoto anayekula kila anachoshika usimpe, chumvi hiyo ni nyingi.

Jumla 28,000. Tukatenga 10,000 za kununua tena kitakachovunjika, maana mwezi wa kwanza ada na sare hazimwachii mtu hela ya pia. Zikabaki 22,000. Mjomba akasema atazimaliza yeye, akaongeza 23,000 zake, akarudi na gari la zimamoto la 45,000. Betri hazimo. Akatoka tena.

"Shemeji, hili lina king'ora," nikamwambia.

"Ndiyo uhondo wenyewe, shemeji! Na ukipiga makofi linaondoka lenyewe."

Hapo ndipo shida yote ilipolala. Nyuma ya ukuta wao kuna mashine ya kusaga inayonguruma toka asubuhi, na mtoto hana habari nayo, kwa sababu inaanza saa ileile na haibadiliki. King'ora kinachozuka bila taarifa ni balaa tofauti, hata kikiwa kidogo.

Zile pia za mbao alishaonyeshwa kwa picha wiki nzima kabla, na siku yenyewe zilimngoja kikapuni bila karatasi, akazichukua kama mtu anayepokea mzigo wake stendi. Gari lilifungwa karatasi za kumetameta na selotepu ya kutosha kufunga friji. Liwe sapraizi. Mjomba alipolichana, karatasi zile zikalia, gari likasikia, likalia zaidi. Mtoto akavaa viziba masikio vyake, akachukua pia zote tatu, akahamia korido.

"Lizime, kaka!" wifi akasema.

Mjomba akaisukuma swichi kwa dole gumba, nayo ikameguka, ikabaki upande wa kuwasha. Zikabaki betri. Kifuniko cha betri kwenye vitu vya watoto hufungwa kwa skrubu makusudi, wasije wakazitoa na kuzimeza, na skrubu ile ilitaka bisibisi ndogo ya nyota. Mjomba akachukua kisu cha siagi. Kisu hakijazi pembe za nyota, kinazilamba tu, na baada ya kukizungusha kwa hasira nyota imekuwa shimo la duara. Ingewezekana bado: unaweka kipande cha mpira wa baiskeli juu ya skrubu, unakandamiza kwa bisibisi, mpira unashika. Ila bisibisi aliazima jirani tangu Pasaka, na jirani alikuwa kijijini. Nikabandika selotepu tabaka nne kwenye vitundu vya spika, sauti ikapungua karibu nusu. Gari likafukiwa kwenye debe la mchele, chini ya meza ya chakula.

Bibi akasimama kubariki pilau. Bibi akiomba huwa hasahau mtu, wazima na marehemu.

"Utubariki sote tulioketi hapa."

"Amina!" tukaitika.

Debe nalo likaitika.

Bibi akafumbua jicho moja. Akaendelea na wagonjwa. Tukajaribu kuitika kwa kunong'ona, lakini mjomba ni mwanakwaya, sauti ya nne, hajui kunong'ona. "Amina!" Debe likalia, likatikisika, mchele ukamwagika kwenye viatu.

"Nani kaleta polisi kwenye sala yangu?"

"Ni zimamoto, mama," mjomba akajibu.

Mtu pekee aliyekula kwa raha alikuwa mtoto, koridoni, wali mweupe sahani moja na nyama sahani nyingine, visigusane, na pia inazunguka mbele yake. Bibi alimwangalia kwa kitambo, kisha akauliza viziba masikio vile vinauzwa wapi.

Jioni mjomba alitakiwa kuondoka na gari lake. Akalitia kwenye kiroba, akapanda daladala ya Mbagala, akalipakata. Kituo cha kwanza konda akagonga bodi mara mbili kuruhusu safari. Kiroba kikajibu. Dereva akaingiza gari pembeni, akazima injini, akatoa mkono dirishani na leseni yake.

Walipomgundua, konda alimtoza nauli ya watu wawili.