Muuguzi Akishikwa na Uraibu, Leseni Yake Tuifanyeje?

Alfajiri, zamu ya usiku inapokabidhi kwa zamu ya asubuhi, wauguzi wawili husimama mbele ya kabati la DDA, lile la dawa kali lenye kufuli mbili. Mmoja anasoma daftari, mwenzake anahesabu ampuli za pethidini, dawa kali ya maumivu inayolevya: zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki. Mgonjwa akiandikiwa miligramu 50 na ampuli ina miligramu 100, ile nusu inayosalia humwagwa mbele ya shahidi na wote wawili wakatia saini. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini usiku ukiwa na muuguzi mmoja kwa wodi nzima, shahidi atoke wapi? Atasaini asubuhi, kwa kuaminiana.

Hapo kwenye kuaminiana ndipo nilipokuja kujua, miaka kadhaa iliyopita, kwamba mwenzangu anaumwa. Ilikuwa katika hospitali moja ya huku kusini mwa Tanzania. Alinitangulia kazini kwa miaka mingi, nami nikimwita dada. Alikuwa na mkono mwepesi wa kupata mshipa wa mtoto mchanga gizani, kwa tochi ya simu. Hesabu zake hazikupungua hata ampuli moja. Walionishtua ni wagonjwa. Mama aliyepasuliwa jioni, faili linaonyesha amedungwa sindano ya maumivu saa nne usiku, na saa nane bado analia. Nasi tukamwambia lile neno tunalowaambia wote: "Jikaze, mama."

Nilipomkabili, kwamba dawa ya wagonjwa anaitumia yeye, hakukana. Alisema, "Mdogo wangu, nikienda kujisema, kesho leseni sina. Na wanangu unawajua."

Hofu yake haikuwa ya bure. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, hakuna anayeruhusiwa kuhudumia wagonjwa kama muuguzi bila usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na Baraza hilo hilo ndilo lenye mamlaka ya kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Tena pethidini si pombe. Anayekiri kwamba anaichukua kabatini anakiri wizi, na anajiweka mbele ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Kwa hiyo mtu anayetaka tiba anatakiwa kwanza ajishitaki mwenyewe.

Wapo wanaosema na iwe hivyo, na hoja yao ni nzito. Leseni si mali ya muuguzi. Ni neno la serikali kwa mgonjwa kwamba huyu anayekushika mkono anaaminika. Mgonjwa wa kijijini Nanyamba au Ruangwa hana namna ya kujua kilichomo kwenye bomba la sindano. Marekani kuna kisa cha David Kwiatkowski, fundi wa vipimo vya mionzi na siyo muuguzi, aliyekuwa akiiba sindano za fentanili, dawa kali ya maumivu, na kuzirudisha zikiwa na maji ya chumvi, baada ya kuzitumia mwenyewe akiwa na homa ya ini aina ya C. Aliwaambukiza wagonjwa zaidi ya 40. Mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 39. Ukiwa na ndugu aliyelazwa, huwezi kusoma kisa hicho ukabaki na huruma kwa mwizi wa dawa. Mimi mwenyewe, nikimkumbuka yule mama wa saa nane, kuna siku huruma hiyo huniisha.

Lakini kisome kisa hicho mpaka mwisho. Kabla ya kukamatwa mwaka 2012, Kwiatkowski alikuwa amepita katika hospitali za majimbo kadhaa, na zaidi ya mara moja aliondolewa kazini kwa tabia hiyo hiyo. Akitoka hapa, anaajiriwa kule. Kuwafukuza watu kama yeye hakukuwakinga wagonjwa. Kulimhamisha tu kutoka kwa wagonjwa hawa kwenda kwa wengine. Kwangu mimi hapo ndipo hoja ya adhabu kwanza inapovunjika. Adhabu ikiwa kali kiasi kwamba hakuna mwenye moyo wa kumfikisha mwenzake mbele ya Baraza, basi matroni, mfawidhi na wenzake wa zamu watatafuta njia ya pembeni. Na kwetu njia hiyo tunaijua sote: uhamisho.

Upande wa pili unasema uraibu ni ugonjwa, na mgonjwa hutibiwa. Ni kweli, ila wanaosema hivyo wakati mwingine huruka hatua. Kwamba mtu ni mgonjwa hakumpi haki ya kushika ufunguo wa kabati. Dereva mwenye kifafa tunamwonea huruma, na usukani tunamnyang'anya. Nguvu ya hoja yao iko kwingine: kwenye kile ambacho hofu inamfanyia mtu mwilini.

Chukulia pombe, ambayo ndiyo tatizo lililo kubwa zaidi huku. Msimu wa mabibo uraka, pombe ya mabibo hayo, unapatikana karibu kila kijiji cha Newala na Tandahimba, na gongo lake halina msimu. Muuguzi aliyezama humo anaomba likizo ya wiki moja, anasema anakwenda msibani, anajifungia ndani ili aache kimya kimya. Mnywaji wa muda mrefu akikatisha ghafla anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya tatu au ya nne akaanza kuweweseka, kuona visivyokuwepo, homa ikapanda. Hali hiyo inaua. Inahitaji kitanda, diazepamu iliyopimwa, vitamini B1 na mtu wa kumwangalia. Yeye muuguzi anayajua haya kuliko jirani yake yeyote, lakini kwa sababu ya leseni anajitibu peke yake chumbani. Kwa mofini na pethidini, arosto yenyewe, yale mateso ya kuikosa dawa, si kawaida kuua, ila anayeacha mwezi mmoja kisha akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua, kwa kuwa mwili umeshasahau.

Nchi nyingine zimejaribu kuweka mlango katikati. Jimbo la Florida, Marekani, lilianza mpango wake mwaka 1983: muuguzi anajisalimisha au anafikishwa, anatolewa kwenye kazi za kugusa wagonjwa, anatibiwa, kisha anarudi kwa masharti. Anapimwa mkojo kwa kushtukizwa na hashiki dawa za kulevya kwa muda uliopangwa, huku wasimamizi wakimfuatilia kwa miaka. Afrika Kusini, Sheria yao ya Uuguzi Na. 33 ya 2005 inamtofautisha anayeshindwa kazi kwa sababu ya afya na aliyetenda kosa la kitaaluma. Uingereza kesi za afya ya muuguzi kwa kawaida husikilizwa faragha. Mipango hiyo ina dosari. Wauguzi wa Marekani hulalamika kwamba gharama za vipimo na tiba zinawaangukia wao, na kwamba hiari yenyewe ni ya jina tu mtu anapotishiwa leseni.

Je, ingefaa kwetu? Vipimo si kikwazo kikubwa, maana Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda papa hapa Mtwara. Kikwazo ni udogo wa mji. Ukienda hospitali ya Ligula unapokewa na uliyesoma naye chuo. Ukienda hospitali ya Sokoine, Lindi, shemeji yako yuko famasi. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini na za jamii yake, ambayo Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mwambie muuguzi asimame foleni hiyo kila asubuhi mbele ya wauguzi wenzake! Ndiyo maana anayeweza hupanda basi la alfajiri, akavuka Daraja la Mkapa na kwenda kutibiwa Dar es Salaam asikojulikana, na asiyeweza anabaki.

Msimamo wangu ni kwamba tunachanganya siri mbili. Majirani, wagonjwa na wenzake wa wodini hawana haja ya kujua kwa nini sista hashiki tena ufunguo. Baraza lina haja ya kujua, na kumficha Baraza ndiko kunakomweka mgonjwa hatarini. Anayejitokeza mwenyewe kabla hajashikwa asimamishwe kazi za wodi siku hiyo hiyo, leseni yake ibaki na masharti yaliyoandikwa, na afadhali atibiwe nje ya mkoa. Siku za kutibiwa zipo: kwa wanaoajiriwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kama walio wengi katika hospitali binafsi na za misheni, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miaka 3, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu. Aliyefumaniwa baada ya mgonjwa kudungwa maji, huyo atibiwe pia, lakini ajibu. Najua mstari huo ni mwembamba, na dada yangu angesimama upande mbaya wake.

Mimi sikumfikisha popote. Nilimweleza matroni kwa mafumbo, naye alinielewa. Baada ya wiki tatu ilikuja barua ya uhamisho, kwamba anahitajika kituo kingine chenye upungufu wa watumishi. Tulichanga, tukamuaga kwa soda na keki. Alipofika huko, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na uzoefu kuliko wote, alikabidhiwa ufunguo wa kabati.